Hela ya kazi za chuo: inakatwa kwenye ada au anapewa mkononi?

SWALI: Habari dada. Kijana wangu kamaliza form six hapa Dodoma, kapata chuo Marekani na wamempa ufadhili ila sio wote. Kwenye barua kuna skolashipu, halafu mstari mwingine unasema ajira ya mwanafunzi dola 2,500, na chini wamejumlisha vyote pamoja. Yeye anasema hiyo 2,500 imeshatolewa kwenye ada, baba yake mdogo anasema atapewa mkononi akifika. Mimi nataka kujua kama niuze ekari yangu ya zabibu Hombolo au niiache.
Mama wa kijana, Nkuhungu

JIBU: Hongera sana mama. Wote wawili wamekosea. Hiyo hela bado haipo. Wanachosema ni kwamba anaruhusiwa kutafuta kazi hapo chuoni na akiipata anaweza kuingiza mpaka 2,500 kwa mwaka wa masomo, akifanya nusu analipwa nusu, asipopata kazi hapati kitu. Na akilipwa inaingia kwake kama mshahara, kidogo kidogo, kwa kawaida chuo hakiikati kwenye bili mpaka mwenyewe akubali.

Kwahiyo chukua penseli, futa huo mstari, jumlisha upya. Hilo pengo utakaloliona ndo deni lenyewe, na bili ya muhula wa kwanza vyuo vingi wanaidai mwezi wa nane, yani kabla mtoto hajafuta hata meza moja ya kafteria. Kiukweli mimi naona kuandika mshahara ambao mtu hajaufanyia kazi kwenye jumla ya msaada ni kuwachanganya wazazi tu.

Kazi zenyewe ni za kawaida: kukaa kaunta ya maktaba, kuosha vyombo, kukagua vitambulisho mlangoni gym. Tuseme analipwa dola 12.50 kwa saa na anafanya masaa 10 kwa wiki, atahitaji wiki 20 kufika 2,500. Inawezekana, ila hiyo ni ya sabuni, vitabu na koti la baridi, usiipigie hesabu ya ada. Na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, mwisho ni masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, tena kazi za hapo chuoni, sasa akitokea ndugu huko akamwambia njoo ufanye kwenye duka langu bila kibali, amkatalie, anaweza kupoteza viza.

Asichanganye pia na Federal Work-Study, ule mpango wa serikali yao wa kuwalipa wanafunzi wanaofanya kazi, ulioanza 1964. Ule ni wa raia na wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), wanaomba kwa FAFSA, fomu ya msaada wa serikali, yeye haumhusu. Yake inalipwa na chuo chenyewe. Halafu atahitaji namba ya Social Security, ile ya serikali yao inayotakiwa ili mtu alipwe mshahara, na hawezi kuiomba mpaka apate barua ya kazi, so wiki za mwanzo kutakuwa na kuzunguka ofisini, aende na akiba.

(Wenye watoto wadogo zaidi, icheki Berea College, Kentucky. Pale hakuna anayelipa ada, ila kila mwanafunzi lazima afanye kazi, angalau masaa 10 kwa wiki, na wa nje wanapokelewa.)

Shamba usiuze sasa hivi mama. Zabibu za Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, ekari ikiondoka imeondoka na mavuno yote ya miaka minne atakayosoma. Kwanza kijana aandike imeli ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo, aulize: hiyo kazi nimeshawekewa au naomba kama wengine? Nikiikosa mnanipa nini badala yake? Na bili naweza kulipa kwa mwezi mwezi? Vyuo vingi huo utaratibu wanao, ila usipouliza hawakwambii. Wakishajibu nitumie majibu yao na jumla mpya, tuone pengo linabaki shilingi ngapi.