Pete ya opali imepoteza rangi baada ya kufua, nimeuziwa feki?

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu alienda Addis Ababa kikazi akaniletea pete ya opali ya Ethiopia, ikipigwa na jua inatoa kijani na machungwa, utaipenda. Juzi nimefua nayo, kuja kuiangalia imekuwa kama kipande cha kioo tu, rangi hamna! Kesho yake ikaota ukungu mweupe, afu baada ya siku kadhaa rangi zikarudi zenyewe. Wenzangu hapa Uyole wanasema feki. Kweli?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba dada. Hiyo sio dalili ya ufeki, opali nyingi za Welo kule Ethiopia zinakunywa maji hivyohivyo. Ukitaka uhakika kabisa mpe mtaalamu wa vito aipime, ila usiitupe kwa maneno ya majirani.

Rangi ile haijapakwa. Ndani ya jiwe kuna vijiduara vya silika (kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo), kila kimoja kama nanomita 150 mpaka 300 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), vimepangwa safu kwa safu na katikati yake kuna vitundu, mwanga ukiingia kila safu inarudisha kidogo na mawimbi yanayorudi yakienda sambamba rangi moja inapata nguvu, zingine zinafutana. Wataalamu wanaita fuwele ya fotoniki, nadharia yake ilishika kasi 1987 kwa kazi za wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mtu na yake.

Sasa ili safu irudishe mwanga lazima silika itofautiane na kilichomo kwenye vitundu. Tunapima kwa namna kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga: hewa ni 1, maji 1.33, silika kama 1.45. Vitundu vikiwa na hewa tofauti ni kubwa, rangi inawaka. Maji yakijaa tofauti inabaki ndogo, mwanga mwingi unapita moja kwa moja, jiwe linapitisha mwanga kama kioo. Karatasi ya maandazi ikilowa mafuta unaona mpaka upande wa pili, sababu ni hiyohiyo.

Na rangi haififii tu, inahama pia, na hapa ndo panapopendeza. Chukua vijiduara vya nanomita 250 vilivyobanana vizuri, silika asilimia 74, nafasi 26. Vikiwa na hewa, ukitazama moja kwa moja kwa juu inarudi rangi yenye urefu wa wimbi kama nanomita 550, kijani. Jaza maji inasogea mpaka karibu 580, njano. Ndo maana watafiti wanatengeneza silikoni (ile ya chipu za kompyuta) yenye vitundu, spiriti ikiingia rangi inahama wanajua kuna kitu kimeingia.

Ule ukungu? Maji hayatoki yote kwa mpigo, vitundu vingine vina maji vingine hewa, shaghalabaghala, mwanga unatawanyika kila upande jiwe linakuwa jeupe.

Kwahiyo vua pete kabla ya kufua, kuosha vyombo au kupaka mafuta, maana maji yatakauka lakini mafuta na rangi za nguo vinaweza kubaki mulemule. Na najua baridi ya Uyole mwezi wa saba, kitu hakikauki, utatamani kuiweka karibu na jiko la mkaa, tafadhali usithubutu, joto la ghafla linapasua opali. Iache mezani juu ya kitambaa hata wiki nzima.