Mwalimu, hii nayo ni kazi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27 na shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Huu mwaka wa tatu sijaajiriwa. Tangu Januari najitolea kufundisha vijana walioacha shule hapa Chang'ombe, Dodoma mjini: wasukuma mikokoteni, wauza karanga, mabinti waliozaa wakiwa shuleni. Napewa nauli na chakula cha mchana. Kusema kweli naipenda kazi hii kuliko nilivyopenda kufundisha sekondari nikiwa mazoezini. Ila baba, mkulima wa Kongwa, anasema aliuza ng'ombe kunisomesha, sasa nashinda na wahuni. Je, mtu anaweza kujenga maisha kwa kazi hii? Nianzie wapi? Tena wanafunzi wenyewe wiki hii wako 20, wiki ijayo 6. Nakaribia kukata tamaa.
Mwalimu bila chaki, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitaanza na hao 20 wanaogeuka 6, maana ukilishindwa hilo, mengine hayana haja.

Darasa langu la kwanza la namna hiyo lilikuwa karibu na Soko la Majengo. Nikalifungua saa 2 asubuhi, kengele na yote, kama shule. Wiki ya pili wamebaki wanne. Nikalalamika kwa kila aliyenisikiliza kwamba vijana hawa ni wavivu. Asubuhi moja nimekwenda kununua vitunguu, huyu hapa mwanafunzi wangu, jasho linamtiririka, mkokoteni umejaa kabichi. Akaniambia, "Mwalimu, magari yanashusha alfajiri. Hiyo saa mbili yako ndiyo nalipwa." Nilihamishia darasa saa 8 mchana, jua la Dodoma linapowafukuza watu wote kivulini. Wakarudi. Kwa mabinti nikatandika mkeka nyuma ya darasa, watoto walale hapo. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni, jambo jema kabisa, lakini waraka haubebi mtoto mgongoni.

Yule kijana wa kabichi nilimpa hesabu hii: gunia ni debe 6, tajiri anajaza lumbesa, yaani gunia lililozidishwa kipimo, ya debe 7 na nusu, mkulima kauza magunia 20, kaibiwa kiasi gani? Sijamaliza kuandika ubaoni, yeye kashajibu: "Debe thelathini. Magunia matano mazima, Mwalimu." Nikamwita aje aiandike. Akashika chaki kama mtu aliyeshika kaa la moto, akaandika 03. Hapo ndipo kazi yako ilipo, mwanangu. Hesabu anayo, kakosa namna ya kuiweka kwenye karatasi. Ukianza kumfundisha kama mtu asiyejua kitu, kesho humwoni.

Sasa mkate. Sitakudanganya, hii si kazi ya kutajirika. Niliwahi kuajiriwa na mradi mmoja wenye magari mazuri na fulana. Mwaka wa pili fedha zikakata, magari yakaondoka, mishahara ya miezi miwili mpaka leo sijaiona. Vijana waliendelea kuja saa 8 kama kawaida, wakikaa chini ya mwarobaini. Kwa hiyo usiegemee mguu mmoja. Endelea kuomba ajira za Serikali zikitangazwa, na wakati huohuo jenga jina huku.

Nenda halmashauri ya jiji, muulize Afisa Elimu Watu Wazima. Watu wengi hawajui kama yupo, na ndiye anayesimamia MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa watoto waliokosa shule: kundi la miaka 11 hadi 13 na la miaka 14 hadi 18. Jitambulishe, mpelekee daftari lako la mahudhurio. Ukiona umeamua kweli, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina masomo ya fani hii hasa. Kufundisha mtu mzima aliyeaibishwa na shule si sawa na kufundisha Kidato cha Pili.

Halafu jifunze njia za kuwatoa hapo. Anayetaka sekondari apite QT, Mtihani wa Maarifa, ndipo afanye wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyejifunza useremala au umakanika mtaani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanampima ujuzi wake na kumpa cheti bila kuanza moja. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo vinapokea, kuna Munguri kule Kondoa na Chisalu Mpwapwa. Na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya vijana, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa chenye katiba. Katiba hiyo utawasaidia wewe kuiandika. Unaona sasa kwamba kazi si chaki tu?

Jambo dogo, lakini linanikera: usiwapige picha ukazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp kuomba michango. Binti wa miaka 16 na mtoto wake hakuja kwako ili mji mzima umjue.

Kuhusu mzee, usibishane naye, aliuza ng'ombe kweli. Lakini mkulima wa Kongwa hakosi kupeleka mahindi soko la Kibaigwa, na lumbesa anaijua kuliko mimi na wewe. Siku ya somo hilo mwalike. Mpe benchi la mbele, awaeleze vijana alivyopimiwa msimu uliopita, wao wamkokotolee hasara yake.