Maswali ya jikoni: uvundo wa sinki, Jik na ndimu, ukuta wenye mafuta

SWALI: Tuko watu saba nyumbani na jiko halipoi. Sakafu napiga deki kila siku, lakini ukiingia tu unapokewa na uvundo. Nimepulizia manukato, wapi! Nifanyeje? – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Pole mama. Manukato yaweke kando kwanza. Sakafu ikiwa safi na harufu ipo, inamia chini ya sinki. Kwenye masinki mengi utaona kikombe cha plastiki kilichofungwa kwenye bomba. Kazi yake ni kubakiza maji yanayozuia hewa ya mtaro isipande ndani, lakini humo humo ndimo mafuta na punje za wali hutua na kuoza.

Tega ndoo, fungua kikombe kwa mkono, mwaga, sugua kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya maji. Kabla ya kukirudisha, angalia ule mpira wa duara: ukikaa upande, maji yatavuja hata ukaze vipi. Usitumie spana, plastiki itapasuka. Fungua koki dakika moja, halafu pitisha tishu kavu kuzunguka maungio. Ikilowa, fungua uupange mpira upya. Na usimwage humo maji yanayotokota, maana mabomba ya plastiki hulegea. Maji ya moto ya kawaida na sabuni yanatosha.

Mshukiwa wa pili ni kitambaa cha kufutia meza. Kikilala kibichi, asubuhi unakipakaza uvundo jiko zima. Kichemshe dakika 10, kianike juani, na uwe na vitatu vya kupokezana.

SWALI: Nikichanganya Jik na ndimu au siki, si uchafu utatoka haraka zaidi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usithubutu! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ikiwa umeshachanganya, toka nje mara moja na uwatoe watoto. Ndimu itumie peke yake kwenye ubao uliokatiwa samaki: sugua kwa nusu ndimu na chumvi, subiri dakika 5, suuza. Uchachu wake ndio unaokata shombo.

SWALI: Ukuta nyuma ya jiko umekuwa wa njano. Tumepaka rangi mara mbili, inabanduka. – Baba wa Likoni, Mombasa

JIBU: Rangi imepakwa juu ya mafuta, ndiyo maana haishiki. Osha ukuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mara mbili, uache ukauke siku nzima, kisha upige msasa. Hapo paka rangi ya mafuta, ile inayofutika, kwenye kipande cha nyuma ya jiko tu. Kwingine rangi ya maji inatosha.

Pia vua wavu wa dirisha. Mafuta yakishikana na vumbi huziba vitundu, moshi ukakosa pa kutokea ukabaki ukutani. Uloweke dakika 20 kwenye maji ya sabuni, upitishe brashi laini pande zote mbili, uurudishe ukiwa mkavu.