Batman mwenye hana feza njo ninangoja

Yaya, umeuliza kati ya bédé mpya za Batman na Spider-Man tungoje gani, mimi nasema Batman ya Absolute (série ya DC yenye inaanzisha hadisi yake upya) bila kusita, juu mwandikaji Scott Snyder na muchoraji Nick Dragotta tangu 2024 bamemutosha Bruce, njo Batman mwenyewe, mali yote, hana villa, mama yake angali muzima, na mwili ya Bruce iko kama camion Fuso kabisa! Tena kule Joker, adui yake, njo tajiri, ile inanipendeza sana, namba zenye zinakuya bamupatie nafasi mingi. Spider-Man ya mwandikaji Jonathan Hickman, mwenye iko na bibi na batoto, nayo ni nzuri. Lakini kwetu Bukavu Batman ya Kifaransa, yenye Urban Comics inatoshaka, inachelewa, inauma kweli.