Kuvu ya mbawakawa: andika kwanza, bandua baadaye

Machi mwaka juzi nilikuwa nimechuchumaa kando ya Mto Kiwira, wilayani Rungwe, nikigeuza mawe. Chini ya jiwe moja walikuwepo mbawakawa weusi, wale wenye mbio wanaowinda wadudu wadogo. Nikakamata saba, nikawatia wote kwenye kichupa kimoja cha spiriti, nikaandika lebo kwa kalamu ya wino na kuitumbukiza humo humo. Nilipofika nyumbani wino ulikuwa umeyeyuka wote. Miguu miwili ilikuwa imekatika, na vinywele nilivyovifuata vilikuwa vinaelea. Nisingeweza tena kujua kipi kilitoka kwa nani.

Vinywele hivyo ni kuvu za kundi la Laboulbeniales. Zaidi ya spishi 2,000 zimeshaelezwa, na nyingi kati yake huishi juu ya mbawakawa. Hazienezi nyuzi kama ukungu wa mkate. Kila kuvu ni kimwili kidogo chenye seli za kuhesabika, aghalabu kisichofika nusu milimita, kilichojishika kwenye ganda la mdudu kwa kitako cheusi. Kwa kawaida hazimuui mwenyeji wake.

Kwa hiyo kila mbawakawa apate kichupa chake, na lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu spiriti haiifuti. Andika tarehe, mahali, na alikuwa chini ya nini: jiwe, gogo la mgomba lililooza, au samadi. Mimi huanzia mashambani na kando ya mito kwa ruhusa ya wenye eneo. Ndani ya Hifadhi ya Kitulo usiokote mdudu bila kibali.

Kabla hujagusa kitu, mtazame mdudu mzima kwa lenzi. Wa mwisho niliyemchunguza alikuwa na vinywele tisa vya rangi ya chai ya rangi, vimejipanga ukingoni mwa bawa gumu la kushoto, vyote vimeelekea nyuma. Bawa la kulia halikuwa na kitu. Nilichora umbo la mdudu daftarini na kutia nukta tisa. Mchoro huo ni muhimu kuliko picha yoyote ya simu: kuvu hizi huambukizwa zaidi kwa kugusana, hasa wadudu wanapopandana, na spishi nyingine huonekana sana sehemu fulani tu ya mwili. Andika pia kama ni dume au jike. Ukishabandua, habari hiyo hairudi.

Kubandua kwenyewe kunataka sindano nyembamba na mkono uliotulia. Sukuma pale chini kabisa, kitako kitoke pamoja na kuvu. Iweke kwenye tone la glisarini (ile ile tunayojipaka midomo ikipasuka kwa baridi ya Juni), funika kwa kioo chembamba, kisha ziba kingo kwa rangi ya kucha. Slaidi zangu za namna hii bado zinasomeka.

Kwenye hadubini tafuta kifuko cha spora (chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo), kisha hesabu seli. Kwa jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) ya Laboulbenia wataalamu wamezipa seli kuu namba za Kirumi, I hadi VII, nawe zichore hivyo hivyo. Wengi bado hurejea michoro ya Roland Thaxter, Mmarekani aliyechapisha juzuu tano kati ya 1896 na 1931. Usipokuwa na hakika na spishi, ishia kwenye jenasi. Jina la kubahatisha humsumbua atakayekuja baada yako.

Na picha zako usizifute. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walitangaza spishi mpya, Troglomyces twitteri, baada ya kuona vidoa kwenye picha ya jongoo wa Marekani iliyowekwa Twitter. Jongoo huku kwetu masika hujaa hadi mlangoni, na tangu niisome habari hiyo nao nawapitishia lenzi, hasa kichwani na miguu ya mbele.