Mjomba hakimbii kampuni

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri maandishi ya video kutoka Kiingereza, na neno "run" linanitesa. Niliandika "mjomba wake anakimbia kampuni ya mabasi", mhariri akanirudishia huku akicheka. Pia sijui nifanyeje na "run for president", wala "bank run". Je, hakuna neno moja la Kiswahili la kubeba yote haya?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Mhariri alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu sentensi yako ni Kiswahili safi, ila inasema jambo jingine. Mjomba anayekimbia kampuni ni yule aliyeona wadai wanakuja akatokea mlango wa nyuma. Kukimbia kitu, kwetu, ni kukitoroka: amekimbia vita, amekimbia deni, amemkimbia mkewe. Ndiyo maana aliyeihama nchi yake kwa hofu huitwa mkimbizi, na hakuna anayefikiria riadha. Mjomba wako anaendesha kampuni.

Neno moja halipo, na usilitafute. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno "run" walipata maana 645, tena za kitenzi tu.

Mimi huifunika hiyo "run" kwa kidole, nikajiuliza mtu wa mtaani angesemaje akiliona jambo lenyewe. Mtoto mwenye mafua: makamasi yanamtoka. Khanga mpya iliyoharibu shuka jeupe kwenye beseni: inachuja. Gari limesimama na injini inaunguruma: dereva atakwambia liko silensa. Saa iliyo nzima inakwenda; ikianza kukimbia, mpelekee fundi.

Sukari ikimalizika, ile "run out" ya Kiingereza, sarufi yenyewe inageuka. Kwa Kiingereza anayetenda ni mwenye nyumba. Kwetu sukari ndiyo inayotenda, na mwenye nyumba anatendewa: sukari imeniishia, au nimeishiwa sukari. Vivyo hivyo kwa muda na pesa. Nimewahi kusoma "tumekimbia nje ya muda" katika tafsiri ya mashine, nikabaki najiuliza huko nje walikutana na nani.

Sasa uchaguzi. "Kukimbilia urais" nimeisikia hata kwa watu wa habari, na bado inanikera. Kukimbilia ni kwenda mbio kuelekea mahali, mara nyingi kutafuta salama: mvua ilipoanza alikimbilia kibarazani. Mtu aliyekimbilia urais anasikika kama aliyekwenda kujificha huko. (Wapo, lakini hilo si swali lako.) Sisi tuna kuwania, na tuna kugombea, neno ninalolipenda zaidi kwa sababu ndani yake mna gomba, yaani kuteta na kuzozana. Tazama basi: kwa jambo hilohilo, Mwingereza husema mtu anasimama, Mmarekani husema anakimbia, na Mswahili husema anagombea. Kila mmoja ameutazama uchaguzi kwa jicho lake, kwa hiyo ukileta mbio za Mmarekani kwenye sentensi yetu unaleta picha ambayo hatukuwa nayo. Najua watu husema "mbio za urais", na hiyo siikatai sana. Ni taswira ya mashindano, na msomaji anaiona hivyo mara moja. Kitenzi ndicho kinachoharibu.

Usije ukaogopa mbio kila mahali, lakini. Mwenge wa Uhuru unakimbizwa mkoa hadi mkoa, na hakuna aliyewahi kudhani unafukuzwa, ingawa mwizi naye hukimbizwa.

Na ile ya benki? Wateja wamesikia uvumi kwamba benki inafilisika, alfajiri wamejazana mlangoni, kila mmoja anataka chake kabla hakijaisha. Hapo kitenzi chako kitumie bila wasiwasi: watu wamekimbilia benki kutoa fedha zao.