Sauti ya tatu, acheni kukamua koo

Kwenye kwaya naimba sauti ya tatu, yaani ile ya juu ya wanaume. Mara ya kwanza kupewa sehemu ya peke yangu ilikuwa katika "Uumbaji" wa mtunzi Haydn, pale panapoimbwa maneno ya Zaburi ya 19, waimbaji watatu wakipokezana na kwaya nzima. Nilijiandaa kwa kumsikiliza Pavarotti, mwimbaji wa opera wa karne ya ishirini, kwenye simu usiku na mchana. Nikajiambia kazi yenyewe ni kifua tu. Jumamosi, mazoezi ya mwisho, noti za juu nilizitoa kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imenisimama. Jumapili nikaamka hata shikamoo haitoki.

Mwalimu hakunigombeza. Aliuliza tu wimbo ni wa mwaka gani. Nikamjibu, 1798. "Na huyo unayemwiga?"

Siku za Haydn na mtunzi mwenzake Mozart, mwanaume wa sauti ya tatu akikaribia juu alikuwa analegeza. Sauti ya kifua, ile nzito, inapokewa na ya kichwa, nyembamba na nyepesi, na sifa yake ilikuwa kukimbiza noti bila kukatika pumzi. Okestra ilikuwa ndogo. Hata ala zilipangwa sauti ya chini zaidi: noti ya A, inayotumika kupangia ala, Vienna enzi za Mozart ilikuwa kama hezi 421 (mitetemo kwa sekunde), leo ni 440, yaani tunaimba nyimbo zao juu kwa karibu nusu toni. Jamani, tunajitesa bure.

Aliyegeuza mambo ni mwimbaji Mfaransa Gilbert Duprez. Mwaka 1831, mjini Lucca, Italia, aliimba "Guillaume Tell", opera ya mtunzi Rossini, na kuitoa noti ya C ya juu kwa sauti ya kifua. 1837 akairudia Paris, watu wakapagawa. Rossini mwenyewe aliifananisha na mlio wa jogoo aliyehasiwa akichinjwa! Adolphe Nourrit, aliyeimba nafasi hiyohiyo opera ilipozinduliwa 1829, alikwenda Italia kujifunza mtindo mpya, sauti ikamharibikia. Alijiua Napoli mwaka 1839.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mdomo, tazama wimbo ni wa lini. Kama ni wa Haydn au Mozart, mazoezi yaanzie juu: toa "u" laini, ndogo kama unambembeleza mtoto, kisha shuka nayo pole pole bila kuinenepesha. Mimi nilifanya hivyo wiki tatu, nikijiona kama kichekesho. Besi walinicheka sana.

Kama ni wa Verdi, mtunzi wa opera aliyekuja baada yao, kifua kinaruhusiwa, lakini Duprez hakuwa anapiga kelele. Koo lilikuwa wazi, kikoromeo kimetulia chini, sauti imekolea. Weka kidole kwenye kikoromeo. Ukiona kinapanda pamoja na noti, acha hapo hapo. Ile "a" iliyo wazi nayo ielekeze kidogo kwenye "o" ukifika juu.

Na tangawizi haitibu koo lililokamuliwa. Nilitafuna mpaka ulimi ukawaka moto, sauti ikarudi Alhamisi, baada ya siku nne za kunyamaza.